Tahadhari kwa wakulima wa mpunga Igunga na Nzega: kuna mtu anauza "mbegu ya kushinda magadi"

Ninawaandikia wakulima wenzangu wa mpunga mkoani Tabora, hasa wenye majaruba kwenye udongo wa magadi kuelekea mbuga ya Wembere, kuwaonya kuhusu muuzaji anayezunguka minadani na mpunga uliopakwa rangi ya waridi, akidai kwamba umetibiwa ili ustahimili chumvi. Mifuko yake haina lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, haionyeshi jina la aina ya mbegu wala tarehe ya kupimwa uotaji, na risiti hatoi. Majirani zangu walionunua wameambiwa kwamba dawa iliyomo itamaliza magadi shambani, na kwamba mbegu itakayobaki inaweza kuhifadhiwa hadi msimu ujao.

Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba uongo huu umejengwa juu ya jambo la kweli. Mbegu inaweza kulowekwa kwa muda maalumu katika maji matupu, au katika maji yenye kiasi kidogo cha kloridi ya kalsiamu au nitrati ya potasiamu, ikatolewa kabla mzizi haujachomoza, kisha ikakaushwa kivulini mpaka irudi karibu na uzito wake wa awali. Kwa kuwa maandalizi ya ndani ya kuota yamekwisha kuanza, mbegu hiyo huota mapema na kwa usawa zaidi hata katika udongo ambao chumvi yake huizuia kufyonza maji. Faida ni hiyo ya mwanzo tu. Chumvi ya shambani haipungui hata kidogo, na mpunga hubaki dhaifu mbele yake wakati wa miche michanga na wakati wa kuchanua. Tena mbegu iliyotibiwa hivyo kwa kawaida huharibika ghalani mapema kuliko mbegu ya kawaida, hasa kwenye joto kama letu, kwa hiyo anayekuhimiza uiweke hadi mwakani anakuandalia hasara.

Udongo wenyewe una tiba yake. Chumvichumvi ya kawaida huoshwa kwa maji yasiyo na chumvi iwapo jaruba lina mfereji wa kuyatoa, lakini magadi huhitaji pia jasi, kama ile inayochimbwa Itigi, na kiasi chake hakiwezi kujulikana bila kupima udongo. Muulizeni afisa ugani, au kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Tumbi, kabla ya kumpa mtu fedha.

Jambo moja lisichukuliwe kwa wepesi: rangi kwenye mbegu mara nyingi ni onyo kwamba imepakwa kiuatilifu, na huyu hasemi amepaka nini. Msiutwange mpunga huo kwa chakula, wala msiwape kuku.

Aliyekwisha kununua asimwage mbegu yote kitaluni. Ahesabu punje 100, azifunge katika kitambaa chenye unyevu, ahesabu zilizoota baada ya wiki moja hadi siku kumi. Atunze mfuko, mbegu iliyobaki na ujumbe wa malipo ya simu, kisha apeleke taarifa TOSCI na polisi, kwa kuwa uuzaji wa mbegu unasimamiwa na Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003. Namba ya simu ya muuzaji ikabidhiwe huko, isisambazwe hapa.