Mashine ya kutotolesha niliyonunua Tabora, na mayai matatu ambayo muuzaji alikataa kuyatazama

Msinunue mashine hii. Huko mbele mtaniona nalegea, lakini naanza hivyo kwa sababu hadi leo nikipita mtaa ule wa sokoni kifua kinanibana.

Inabeba mayai mangapi na inakula umeme kiasi gani yameandikwa kwenye boksi, kila mtu atajisomea. Mimi nina habari ya mayai matatu niliyoyabeba kwenye kikapu, nimeyafunga kwa kanga, kutoka Ipuli hadi dukani, na kijana mmoja aliyekataa kuyatazama.

Siku ya kununua, kijana huyo aliniamkia tangu mlangoni. Alinivutia kiti, akaniita mama yangu, akanibebea mashine mpaka kwenye bajaji. Nilirudi nyumbani nikimwombea dua. Ilikuwa kiangazi, embe bado changa, na pesa niliyompa ilikuwa ya kikoba, ya mwaka mzima.

Mayai yalitoka kwa wifi yangu huko Urambo. Ni ya kuku singamagazi, wale wakubwa ambao watu wa Tabora tunajivunia. Aliyakusanya kwa siku sita tu, maana yai likipita wiki nguvu ya kutotolewa inaanza kushuka. Akayapanga kwenye pumba, ncha nyembamba ikiwa chini, akayatuma kwa basi. Yalifika 52, mawili tu yana nyufa, na hayo nikayakaanga. Hamsini nikayalaza usiku mzima yatulie na mtikisiko wa safari, asubuhi nikayaingiza. Kioo cha mashine kikasoma 37.7, ndiyo joto lenyewe linalotakiwa kwa mashine yenye feni. Nikaridhika.

Usiku wa siku ya sita nikazima taa zote. Nilitoboa boksi la viatu tundu dogo kuliko yai, nikaweka tochi ya simu ndani, mjukuu wangu akawa ananipokeza yai moja moja. Asiyewahi kumulika mayai hawezi kujua furaha ile. Unaweka yai upande mnene, ule wenye chumba cha hewa, unaligeuza polepole, na ghafla ndani ya wekundu ule unaona kijidoa cheusi na mishipa imetawanyika kama mizizi ya mchicha uliong'olewa. Mtoto alinishika mkono akanong'ona, "Bibi, linacheza." Kweli lilikuwa linacheza. Mayai tisa yalikuwa meupe, mwanga unapita kama kwenye maji, hayana mbegu. Arobaini na moja yalikuwa na mishipa. Niliyahesabu mara mbili na kuyaandika kwenye daftari.

Usiku wa siku ya kumi nikamulika tena. Ishirini na tisa yalikuwa yamekufa. Mishipa imekatika, damu imekimbilia pembeni na kujichora pete nyekundu kwenye ganda. Nililitoa la kwanza, la pili, la tatu, mjukuu akaacha kuuliza. Nilikaa gizani na yale mayai sijui muda gani.

Asubuhi nikachagua matatu, yale yenye pete inayoonekana wazi kabisa, nikachukua tochi, nikaenda. Sikwenda kudai pesa, naapa. Nilitaka mtu anayeijua mashine aniambie nimekosea wapi.

Safari hii hapakuwa na shikamoo. Aliniona, akaendelea na simu yake. Nikasubiri. Nilipomweleza akanikatisha: "Mashine haina shida. Tatizo jogoo wenu, atakuwa amezeeka."

Nikamwambia, "Mwanangu, yai lisilo na mbegu halioti mishipa. Haya yalikuwa hai, nimeyaona kwa macho yangu. Hebu mulika hili moja tu."

Nikamnyooshea yai. Akarudisha mkono nyuma kama nampa kitu kichafu. "Mimi nauza mashine, mama, siyo daktari wa mayai. Hebu wapishe wateja." Vijana wawili waliokuwa wananunua chanjo wakacheka. Nina wajukuu wakubwa kuliko hao vijana.

Yale matatu nikayafukia chini ya mwembe nyumbani.

Aliyenitoa gizani ni jirani yangu, nesi mstaafu. Alikuja kunipa pole, akaitazama mashine, akaenda kwake akarudi na kipimajoto cha homa, kile cha zebaki. Akasema hiki kinapima vizuri kabisa kwenye nyuzi 37 na 38, kwa sababu ndiyo kazi yake, na zebaki yake haishuki mpaka uikung'ute, kwa hiyo kitakuonyesha joto la juu lililofikiwa hata usipokuwepo. Tukakilaza juu ya mayai kwa saa moja. Kioo cha mashine: 37.7. Kipimajoto: 39.5. Mayai yangu yalikuwa yanachemka polepole siku kumi nzima, na mashine inanidanganya usoni.

Tukamwita fundi redio wa mtaani. Alifungua mfuniko, akachungulia, akacheka kidogo, akaivuta sensa, kile kidude kinachoipimia mashine joto. Ile sensa ilikuwa imechomekwa kwenye tundu la kuingizia hewa, inapulizwa na hewa baridi ya nje, inaiambia mashine kuna baridi, na mashine inazidi kuwasha. Akaishusha katikati usawa wa mayai, akaifunga kwa uzi. Dakika tano. Hata hela hakutaka. Hapo ndipo hasira yangu ilipozaliwa upya, maana kama yule kijana angesema tu "ilete niitazame", angeiona. Kitu kiko wazi kama mchana.

Kwenye yale 12 yaliyobaki walitoka vifaranga watano, siku ya 19, mapema mno kwa kuku, vitovu vibichi. Waliishi wawili.

Sasa nisipoandika na hili nitakuwa mwongo. Nilijaribu tena. Wifi akatuma mengine, nikayaweka 50 vilevile, kipimajoto cha homa ndani muda wote. Umeme ulikatika mara mbili, mara moja saa tatu na zaidi. Sikufungua, nilifunika mashine kwa blanketi tu, na mayai yakavumilia. Kilichonisumbua zaidi ni ukavu. Kiangazi cha Tabora kinakausha mpaka midomo, na nilipomulika siku ya 14 chumba cha hewa kilikuwa kimepanuka kupita kiasi, nikaongeza bakuli la pili la maji na kitambaa kilicholowa. Siku ya 18 nikaacha kuyageuza mayai. Siku ya 20 jioni nikasikia sauti ndani ya ganda. Hadi siku ya 21 usiku walikuwa vifaranga 38, wakavu, miguu imara. Mjukuu alilala pale pale sakafuni.

Kwa hiyo mashine si mbaya. Nimeisema vibaya mwanzoni na nikiwa mtulivu naona ni mashine nzuri, feni yake haina kelele na trei zake zinasafishika. Anayeitaka ainunue, ila asiweke yai hata moja kabla ya kuilaza siku nzima na kipimajoto cha homa ndani, na aangalie sensa iko wapi. Lakini nikifika hapo nayakumbuka yale 29, na mkono uliorudishwa nyuma, na nasema hapana, msinunue, angalau pale dukani msinunue. Mtu anayeuza kitu cha kulea uhai halafu hataki kuutazama ulipokufa, huyo hana ninachoweza kumsifia.

Juzi juzi akanipigia. Habari za vifaranga zilikuwa zimemfikia, Tabora ni ndogo. "Shikamoo mama yangu! Nasikia mashine yetu imekupa vifaranga. Nitumie basi video niiweke statasi, wateja waone."

Marahaba nilimpa, nilivyolelewa shikamoo haikataliwi. Video sijamtumia. Nimemwambia kwanza aje Ipuli tumulike mayai pamoja, nina mengine yamefika siku ya sita, na tochi ninayo.