Chuma kipya cha pizzelle na biskuti za Krismasi za Nonna

Chuma ninachokitathmini hapa kina sahani mbili za alumini zilizounganishwa kwa bawaba, kina mipini mirefu, na hufungwa na kufunguliwa kama koleo juu ya moto wa jiko la gesi. Nilikinunua kwa euro 34 katika duka la vyuma na vyombo la mji mdogo ulio karibu na Chieti, katika jimbo la Abruzzo nchini Italia, ambako nimeolewa. Kazi yake ni moja tu, nayo ni kuoka pizzelle, biskuti nyembamba zenye nakshi pande zote mbili ambazo huku huandaliwa Krismasi, Pasaka na harusini. Sikukinunua kwa kupenda vyombo vipya. Nilitaka kuonja tena biskuti za bibi yake mume wangu, mzaa baba, ambaye nyumba nzima, nami nikiwemo, tulimwita Nonna.

Chombo chake yeye kilikuwa cha chuma halisi, cheusi na kizito, na katikati ya sahani moja kilichorwa herufi za mwanzo za jina la mama yake, kwa kuwa zamani katika sehemu hizi kilikuwa miongoni mwa vitu ambavyo binti aliweza kupewa anapoolewa. Alipofariki, kilichukuliwa na shangazi wa mume wangu anayeishi Toronto, na hakuna aliyepinga, maana ndiye binti wa pekee. Sisi tulibaki na kipande cha karatasi. Kinasema kwamba kila yai moja hutiwa kijiko kikubwa kimoja cha sukari na kimoja cha mafuta ya zeituni, kisha ganda la limau lililoparuzwa, mbegu za anisi, ambazo harufu yake inakaribiana na ya shamari, na unga «quanto basta», yaani kadiri utakavyotosha. Mume wangu alikasirishwa na maneno hayo mawili ya mwisho. Mimi niliyefundishwa vitumbua kwa kutazama tu jinsi rojo linavyodondoka kutoka kwenye upawa sikuona ajabu yoyote, ila nilifahamu kwamba unga unaotosha hutegemea chombo kinachopikia, na chombo chenyewe kilikuwa kimeshavuka bahari.

Nilianza kwa mayai 6 na gramu 380 za unga, kwa kuwa nilikumbuka kwamba donge la Nonna lilikuwa zito kiasi cha kuchotwa kwa kijiko na kusukumwa kwa kidole. Biskuti 3 za kwanza nilizitupa, jambo la kawaida kwa chuma kipya ambacho hakijanyonya mafuta, lakini hata zilizofuata zilitoka nene, laini katikati, na nakshi yake hafifu. Kosa halikuwa la karatasi. Chuma cha Nonna kilikandamiza donge kwa uzito wake chenyewe, ilhali hiki changu ni chepesi, na donge zito hukiinua badala ya kubanwa nacho. Safari ya pili nilipunguza unga hadi gramu 310, nikaliacha rojo litulie nusu saa ili unga unywe maji ya mayai, na kila nilipofunga sahani nilibana mipini kwa nguvu kwa muda wa pumzi mbili au tatu. Hapo ndipo biskuti zilipotandaa hadi ukingoni na ua la katikati likasomeka vizuri.

Ilibaki hesabu ya moto, na kwa kweli hapa ndipo nilipojifunza zaidi. Wanawake wazee wa Abruzzo walipima muda kwa sala, yaani Salamu Maria kwa upande mmoja, halafu chuma kinageuzwa na kusaliwa Baba Yetu kwa upande wa pili, na Nonna hakuwahi kutumia saa. Nilipofuata desturi hiyo niliunguza biskuti 5 mfululizo. Sababu ya kwanza ni kwamba alumini hupitisha joto upesi zaidi kuliko chuma, kwa hiyo muda uliofaa chombo cha zamani ni mrefu mno kwa hiki. Sababu ya pili, ambayo mume wangu aliigundua akicheka mlangoni, ni kwamba Nonna alisali kwa kasi ya mtu aliyerudia maneno hayo kwa miaka 80, nami nilikuwa nikisali kwa Kiswahili, polepole, kama nilivyofunzwa katekisimu Tanga. Sasa natumia Salamu Maria kwa kila upande, moto wa kadiri, na Baba Yetu nimeiweka kando hadi wakati wa kula.

Anayetaka kununua chombo hiki ajue kwanza biskuti za bibi yake zilikuwa za aina gani, kwa sababu hata ndani ya Abruzzo kila mji una yake. Upande wa L'Aquila hujulikana zaidi kwa jina la ferratelle, na huko Ortona kuna nevole, ambazo hutiwa maji ya zabibu yaliyochemshwa na kuviringishwa zikiwa bado moto. Wapo wanaozipenda nene na laini, wakazikunja mbili na kutia ndani scrucchiata, jamu ya zabibu nyeusi za aina ya Montepulciano. Hao wanahitaji sahani zenye nakshi ya wavu yenye vishimo virefu. Sahani zangu zina nakshi ya ua isiyo na kina, nazo zinafaa biskuti nyembamba na kavu tu. Muuzaji aliniuliza swali hilo kabla hata ya kutaja bei, na namsifu kwa hilo.

Kasoro zipo. Kitasa cha kufungia mipini ni legevu, kwa hiyo sharti mkono ushike muda wote, na baada ya nusu saa mipini hupata joto kiasi cha kuhitaji kitambaa. Rojo likizidi kijiko kimoja humwagika juu ya jiko na kuungua. Chombo hiki hakifai kwenye jiko la induksheni, linalopasha vyombo kwa nguvu ya sumaku, wala kwenye mashine ya kuoshea vyombo, ambayo sabuni yake hufanya alumini kuwa nyeusi. Mimi hukipangusa tu kingali na uvuguvugu.

Jirani aliniazima cha umeme, ambacho huoka biskuti 2 kwa pamoja, pande zote mara moja, bila kugeuza. Ni chepesi kutumia, na kwa anayeokea harusi ningemshauri achukue hicho. Hata hivyo, biskuti zake zilitoka na rangi moja ya dhahabu kutoka mwanzo hadi mwisho, bila ule ukingo uliokolea ambao ndio uliokuwa na ladha ya jikoni kwa Nonna. Walio Afrika Mashariki wakivutiwa na cha umeme wasiagize kilichotengenezwa kwa soko la Marekani, kwa kuwa hutumia volti 120 na kitaungua kwenye umeme wetu. Cha gesi hakina tatizo hilo, ila kwa unyevu wa pwani biskuti zitahitaji mkebe unaofunga sawasawa, la sivyo zitalainika kabla ya kesho yake.

Usiku wa mkesha wa Krismasi niliweka sahani ya biskuti mezani bila kusema neno. Mama mkwe alichukua moja, akaiinua kuelekea taa ili aone kama mwanga unapenya, akaivunja karibu na sikio lake, akala, akachukua ya pili na ya tatu. Kisha akaniambia kwamba unene ndio huohuo, mlio ndio huohuo, lakini anisi nimeibania.