Mkate au ugali: chambo cha perege bwawani

Mkate wa leo hushinda pale perege wanapokula juu ya maji. Bana sehemu laini ya ndani kwenye shina la ndoana namba 12, ncha ibaki nje. Kingo zitavimba na kushuka taratibu. Ubaya wake: hulowa upesi, samaki wadogo huumegua, na ukitupa mshipi kwa nguvu mkate unachomoka. Wa jana hata usijaribu, isipokuwa uulowanishe, uukamue na kuukanda.

Ugali hukaa ndoanani muda mrefu zaidi, hivyo unafaa chini, penye chubwi (kizito cha kuzamisha mshipi). Usonge mgumu, ukande na unga kidogo wa ngano, fanya vidonge vya ukubwa wa njegere. Ukikauka, ncha ya ndoana haitoki nje ya kidonge na samaki anaponyoka.