Nairobi hadi Gedi: tiketi ya kukata kwanza, na ya kuacha

Kila likizo ya Agosti ikikaribia, kuna jamaa au jirani atakayeniuliza, "Gedi niende na nini?" Nami humrudishia swali: unataka kufika langoni saa ngapi? Nauli zenyewe utazipata kwa simu ukiwa umekaa kitandani. Kinachowaponza watu wa Nairobi ni saa ya kufika. Mtu anashuka Mombasa jioni akishangilia, kisha anaambiwa Gedi iko mbele huko upande wa Malindi, kilomita mia moja na ushei, na lango hufungwa saa kumi na mbili.

Kwa ambaye hajafika, Gedi (wenyeji husema Gede) ni mji wa kale wa Waswahili uliomezwa na msitu karibu na njia panda ya Watamu. Ukuta wa nje ulizunguka ekari zipatazo 45, na ndani yake kuna ukuta wa pili uliokinga jumba la mtawala, msikiti mkuu na nyumba za wenye mali. Nyumba hizo zinaitwa kwa vitu vilivyofukuliwa humo: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Sanduku la Pembe. Kuna na kaburi lenye tarehe, mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Wakazi waliuhama mji katika karne ya 17, na mwaka 2024 UNESCO ikauingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia. Kuutembea kwa utulivu kunataka saa mbili, tena asubuhi kabla jua la pwani halijakukumbuka. Ndiyo maana napanga usafiri hivi, kuanzia ulio bora.

1. Treni ya asubuhi, na ushukie Mariakani

Treni ya saa mbili asubuhi kutoka Syokimau, kituo cha Nairobi, ndiyo ile inayosimama njiani: Athi River, Emali, Kibwezi, Mtito Andei, Voi, Miasenyi, Mariakani, ndipo Mombasa. Wengi huikwepa kwa sababu ya vituo hivyo. Mimi naipendea vituo hivyohivyo. Ukishuka Mariakani, boda inakufikisha mjini, unashika matatu ya Kaloleni, kisha ya kwenda Kilifi kwa njia ya Mavueni, na kutoka Kilifi kila gari la Malindi linapita Gede. Msongamano wa Mombasa unawaachia wenyewe. Tena unavuka Tsavo mchana, na tembo waliojipaka udongo mwekundu unawaona dirishani bila kulipa kiingilio cha mbuga.

Hesabu hii inakufikisha Gede au Watamu jioni. Unalala, na asubuhi unakuwa langoni likifunguliwa. Ukiwa na watoto wadogo au mizigo ya harusi, sahau Mariakani. Endelea hadi Miritini, kilipo kituo cha Mombasa, mtafute gari moja la kuwapeleka nyote.

Tiketi hukatwa kwa *639# au kwenye tovuti ya Shirika la Reli, unalipa kwa M-Pesa. Tangu Januari 2024, Nairobi hadi Mombasa ni shilingi 1,500 daraja la kawaida na 4,500 daraja la kwanza. Je, daraja la kwanza lina thamani ya hizo 3,000 za juu? Viti vya kawaida vimepangwa vitatu kwa viwili, vinatazamana, na migongo yake hailali. Magoti yako na ya mgeni wa mbele yatajuana kabla nyinyi hamjaamkiana. Mwenye mgongo mbovu, au mtu mzima unayemsafirisha, mlipie bila kuhesabu. Kijana mwenye afya na akalie cha kawaida, hizo pesa atazihitaji kwa chumba na samaki.

Andika jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, na ufike kituoni saa nzima mapema. Mizigo hupangwa mstari chini, mbwa wakainusa, kisha inapita kwenye mashine, na foleni hiyo haina mwenye haraka. Barabara ya Mombasa nayo unaijua. Kuna treni ya abiria kutoka Railways mjini inayokwenda Syokimau, na mimi naiamini kuliko matatu yoyote inayoniapia kwamba leo hakuna jam.

2. Basi la usiku la Malindi

Kwa bei na kwa saa ya kufika, hili lingekuwa la kwanza. Unapanda mjini usiku, na mambo yakienda sawa unashuka Gede asubuhi, karibu na magofu, bila kubadilisha gari hata mara moja. Lakini ni usiku mzima kwenye barabara ya malori, na mambo hayaendi sawa kila mara. Mwaka mmoja basi letu lilizima kabla ya Mtito Andei. Makanga alisema ni dakika kumi. Zilikuwa dakika kumi za namna yake, maana jua lilitukuta palepale, mama mmoja akiwagawia watoto wa watu mkate wake.

Ofisini uliza jambo moja kabla hujatoa pesa: basi lenyewe linafika Malindi, au Mombasa mtahamishiwa jingine? Majibu ya "msijali, tutawapanga" yana maana ya kuhamishwa. Kata tiketi ya Malindi hata kama unashukia kabla, na umwambie konda neno "Gede" unapopanda, si unapoamka. Kiti chagua cha katikati. Cha nyuma kabisa kitakurusha kila tuta kuanzia Emali.

3. Ndege ya Malindi

Kuna ndege za JKIA na za Wilson, viwanja viwili vya Nairobi, na angani ni saa moja na dakika kidogo. Kutoka uwanja wa Malindi hadi Gede ni mwendo wa tuktuk au matatu, haufiki kilomita ishirini. Kwa mtu mwenye Jumamosi na Jumapili tu, hii ndiyo tiketi ya kununua, na angekuwa na mkoba mnene ningeipandisha hadi namba moja. Bei hupanda kila siku unayochelewa, na ile ya chini kabisa mara nyingi inaruhusu mkoba wa mkononi peke yake. Begi likizidi, unafuu wote unaishia kwenye kaunta.

Kosa la kawaida ni kununua ndege ya Mombasa kwa kuwa ilikuwa rahisi zaidi siku hiyo. Jumlisha teksi ya kutoka uwanja wa Moi, Nyali, Mtwapa, Kilifi, halafu uniambie uliokoa nini.

4. Gari lenu

Mkiwa wanne au watano mnaochanga mafuta, sawa. Ondokeni saa kumi na moja alfajiri, katishieni hukohuko Mariakani kwenda Kaloleni, na dereva akiwa mmoja, laleni Voi. Akiwa peke yake garini pia, apande treni.

5. Treni ya usiku, na ile ya saa tisa

Ya saa nne usiku inakutua Miritini mnamo saa tisa na nusu usiku. Utafanya nini saa hiyo? Utakaa kwenye benchi ukisubiri kuche, na ukifika Gede utatembea kati ya kuta za karne ya 15 ukisinzia. Ile ya saa tisa alasiri ni ya haraka na ni nzuri, ila ni ya mwenye shangazi Mombasa wa kumlaza.

Kwa kurudi, hiyohiyo ya saa tisa alasiri ndiyo bora. Toka Gede kabla ya saa nne asubuhi ili Kilifi na Mtwapa zisikucheleweshe. Ikate siku ileile unapokata ya kwenda, hasa Desemba, kwa sababu Nairobi nzima huamua kurudi siku moja.

Jambo la mwisho la mfukoni: kiingilio hulipwa kwa eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, basi weka bando na pesa kwenye simu kabla hujafika. Karibu na lango kuna nyumba ya vipepeo ya mradi wa Kipepeo, ulioanza 1993 ili wakazi wa kandokando ya Arabuko-Sokoke wapate riziki bila kuukata msitu. Nayo iongeze kwenye bajeti. Ndizi usiingie nazo mkononi. Kima wa pale hawaombi.