Vazi la papa la shule: nililoagiza, na nililokuja kulishona mwenyewe

Shule anayosoma binti yangu hapa Houston, timu zake zote huitwa Papa, na maskoti wao, yule anayevaa vazi la samaki huyo kuchangamsha mashabiki, vazi lake la zamani mkia ulikuwa umeshikiliwa na gundi ya karatasi. Kamati ya wazazi ikanibwagia mimi kazi ya kutafuta vazi jipya. Nililipata mtandaoni, dola 640 na usafiri ndani yake, likafika baada ya wiki tano kwenye boksi ambalo mtu mzima anaenea.

Bibi yake kule Tanga nikamwonyesha kwa simu ya video. Akauliza, "Sasa huyu wanamshangilia kwa lipi? Papa si wa mchuzi wa nazi?"

Kwa sura, sina neno. Kichwa ni cha sponji, meno ya kitambaa kigumu yameshonwa moja moja, na nyuma ya meno kuna wavu mweusi ambao mvaaji huonea. Anaona mbele tu. Ijumaa ya kwanza, shule nzima imejaa ukumbini kuitia timu moyo, binti yangu, ambaye ndiye mvaaji, akamkanyaga mpiga ngoma, halafu pezi la mgongoni likanasa mlangoni na mshono ukaachia wote. Nilimwandikia muuzaji. Baada ya siku kumi na moja akanijibu kwa kunitumia picha ya pezi. Nikalishona mwenyewe kwa mshipi wa kuvulia, na mpaka leo halijacheza.

Kilichonikera zaidi ni feni. Msimu wa futiboli ya Kimarekani huku Texas huanza mwishoni mwa Agosti, na fukuto la Houston saa moja usiku ni lile la Tanga mwezi wa pili, toa upepo wa bahari. Tangazo lilisema kichwani mna feni. Imo kweli, ila betri zake hukata roho kabla ya mapumziko. Tumejipangia dakika kumi na tano uwanjani, kisha anatoka kunywa maji. Na hawezi kujivulia kichwa popote, maana watoto wakimwona mtu ndani ya papa uhondo umekwisha. Kwa hiyo lazima awepo wa kumshika mkono na kumpeleka pembeni. Kwetu ni mdogo wake, analipwa chipsi.

Vazi hili usilitie kwenye mashine ya kufulia. Mimi huchanganya spiriti ya duka la dawa na maji, napuliza ndani, kisha kichwa kinalala sebuleni mbele ya feni. Wageni wetu wameshazoea.

Mwezi wa kumi, kwenye wiki ya kuwakaribisha waliowahi kusoma hapo, wasichana wa Texas huvaa kifuani ua kubwa la bandia lenye riboni ndefu na vikengele. Wakamfunga papa nalo. Akalikimbiza jukwaani likilia njuga, wazee kwa watoto wamesimama. Huyu ni mtoto ambaye darasani hanyoshi mkono, lafudhi yake inamtia aibu. Maskoti haruhusiwi kusema, na yeye hapo ndipo alipochangamka.

Nyota tatu kati ya tano. Moja nimeikatia pezi, moja feni. Ukiagiza, agiza na betri za kuchaji, na pima mlango wa ukumbi wenu kwanza.