Viatu vya wekibodi nilivyoletewa kutoka Dubai: uzoefu wangu

Nianze na miguu yangu, maana ndiyo iliyobebeshwa lawama. Ni mipana. Imekulia peku, mchangani na juu ya mawe ya pwani, na kila kidole kimeshika njia yake. Haijawahi kunitia aibu popote, mpaka muuzaji wa duka moja la vifaa vya michezo ya majini kule Dubai alipoitazama kwenye simu ya mtoto wa mjomba wangu, akasema mbele ya wateja wengine kwamba viatu vyake havina kasoro. Kasoro ni miguu. Mtu wa miguu ya namna hii, akasema, mwambie avae ndara.

Ndara! Nami kazi yangu ni kuendesha boti ya kuvuta wageni kwenye kriki ya Kilifi. Nimefunga kamba za viatu vya wekibodi kwenye miguu ya watoto wa shule, ya bwana harusi aliyelewa tangu jana yake, ya mababu waliostaafu wanaotaka kujaribu kabla hawajafa. Miguu naijua. Huyo bwana kaunta sidhani kama amewahi kulowa hata magotini.

Kwa asiyeufahamu mchezo: boti inakuvuta kwa kamba, umesimama ubavu juu ya ubao mmoja, na miguu yako yote miwili iko ndani ya viatu vilivyofungwa kwa bolti kwenye ubao huo. Kiatu cha ski za majini kimeundwa kikuachie ukianguka vibaya. Cha wekibodi hakikuachii, na hiyo ndiyo kazi yake. Miguu yote miwili ikibaki ubaoni, mwili na ubao huviringika pamoja, unaibuka, unatema maji, unacheka. Balaa ni mguu mmoja kutoka na mwingine kubaki. Hapo ubao unakuwa wenzo, na nguvu zote za maji zinaishia gotini. Kwa hiyo nikisema kiatu kimeniachia, usinisome kama mtu anayelalamikia kamba iliyokatika.

Sasa nitasema jambo litakalomfurahisha yule muuzaji, Mungu anisamehe: vile viatu vilikuwa vitamu. Sijawahi kuvaa vitamu kama vile. Vilikuwa vya wazi vidoleni, na kwa maji yetu sioni sababu ya kununua vilivyofungwa. Hivyo ni vya watu wa Ulaya wanaoganda, hapa bahari yenyewe haishuki sana chini ya nyuzi 25. Kidole kikubwa kinachungulia mbele kidogo, vidogo vinapumua, na mguu mpana unapata pa kwenda. Kamba zake ziko sehemu mbili, ya chini unaikaza kivyake na ya kifundoni kivyake, kwa hiyo naweza kulegeza penye upana wangu bila kupoteza mshiko wa juu. Wanaouza viatu vya kamba moja ndefu inayokaza kote kwa mpigo mmoja, wajue wamewasahau watu wa aina yangu.

Kiatu cha wekibodi unakipima kwa kisigino. Vaa, funga, kunja magoti kama unayekalia kiti kifupi, egemea mbele mpaka ugoko uguse ulimi wa kiatu. Kisigino kikipanda, hata kama ni unene wa shilingi, rudisha dukani. Kikipanda nchi kavu, majini kitatoka chote. Halafu baki umevaa muda wa kunywa chai. Ganzi ikianza vidoleni kabla kikombe hakijaisha, kiatu ni chembamba, na usimsikilize mtu anayekwambia kitapanuka; povu la ndani hukaa vizuri na mguu baada ya muda, lakini ganda la nje halipanuki kwa ajili ya mtu. Hivi vyangu vilifaulu yote mawili. Kuvivaa tu ndiko kulikuwa kazi, ila hiyo ni desturi ya viatu hivi vyote: unamimina maji yenye sabuni kidogo ya vyombo, mguu unateleza ndani.

Vikadumu, tuseme, kusi moja na kaskazi isiyotimia. Asubuhi kabla upepo haujaingia, kabla wageni hawajaamka, mimi na mwenzangu tunapokezana usukani na kamba kuanzia darajani kwenda ndani. Siku ile sikuwa naruka. Sikuwa nazunguka hewani. Nilikuwa nakata wimbi la boti kwa upande wa visigino, jambo ambalo mgeni wa siku ya pili hulifanya, nikasikia mchano mguu wa nyuma. Kiatu kimebanduka kwenye soli yake. Bolti zote ziko pahali pake, bati la chini liko pahali pake, soli iko ubaoni imeachama kama mdomo wa chewa, na mguu wangu umetoka nje ukiwa bado umevaa sehemu ya juu, kamba zimefungwa vizuri kabisa. Wa mbele haukutoka. Goti nikalisikia likienda upande ambao magoti hayaendi.

Halikuvunjika kitu, alhamdulillahi. Lilivimba, nikawa napanda ngazi za gati kama mzee, na kazi ikafanywa na wengine huku mimi nikiwa kivulini nimekunja uso.

Nikapiga picha, nikamtumia mtoto wa mjomba, naye, maskini, akaenda dukani mwenyewe siku yake ya mapumziko na risiti mkononi. Waranti ilikuwa haijaisha. Alichoambiwa kwanza ni chumvi: viatu hivi havipendi maji ya chumvi. Kumbe! Duka liko hatua chache kutoka baharini, na hao wateja wao wanavutwa kwenye maji gani, ya waridi? Chumvi ilipomshinda, muuzaji akahamia jua: mteja ameviacha juani. Hapo nitakuwa mkweli, jua huua viatu hivi kweli, hukausha mpira na kulegeza gundi, na anayeviacha juu ya sitaha mchana kutwa asije kulia. Lakini vyangu huoshwa maji baridi ya bomba kila vikitoka baharini na kutundikwa chini ya makuti. Ndipo akaomba kuona miguu. Mtoto wa mjomba, kwa adabu zake, akamwonyesha picha nyingine kwenye simu, ya siku tuliyokuwa ufukweni kwenye harusi ya dada yake. Picha ya familia. Na jamaa akaikuza kwa vidole viwili, akacheka, akatoa lile neno la ndara.

Mpaka leo nikilikumbuka namtafutia jibu, na majibu mazuri yote yananijia usiku wakati duka limefungwa.

Hasira zikanifanya nikichambue kile kiatu vipande vipande. Chini ya ulimi, pameshonewa kibandiko kidogo ambacho mtu hakioni mpaka akitafute, na juu yake mwaka wa kutengenezwa. Sitautaja, lakini ni wa kabla ya Korona. Kabla ya Korona! Viatu nilivyouziwa kama vipya, ndani ya boksi, karatasi bado iko ndani, vilikuwa vimekaa stoo miaka yote hiyo katika mji ambao kiangazi chake hupita nyuzi 40. Na hapa ndipo panapouma, kwa sababu hili si fumbo. Povu la poliyurethani, plastiki ya soli za viatu vingi, na gundi za jamii yake huliwa na unyevu na joto polepole, hata kama hakuna aliyezigusa. Ndiyo maana raba ambazo mtu amezitunza kabatini kwa ajili ya sikukuu humeguka soli siku anapozivaa. Kiatu kinazeeka ndani ya boksi. Sponji ya EVA, plastiki nyingine ya soli, huvumilia zaidi unyevu huo, lakini hata soli iwe EVA safi, iliyobandikwa kwa gundi iliyochoka itabanduka tu. Muuzaji wa vifaa hivi asiyejua hayo hana haki ya kusimama nyuma ya kaunta, na anayejua akauza, basi tuna jina lake kwa Kiswahili na sitaliandika hapa.

Na fikiria, mchezo huu ulianzaje. Mwaka 1985 Tony Finn wa San Diego alipotoa ubao wake wa Skurfer, haukuwa na kitu cha kushika mguu. Mwaka huohuo wenzake wakatoboa matundu kwenye ubao wakafunga mikanda ya miguu, na kule Texas Jimmy Redmon naye akaweka ya kwake kwenye ubao aliouunda. Mikanda tu, na watu wakaanza kuruka. Leo nalipa pesa ambazo zingenunua mbuzi wa kutosha karamu, halafu kinachonishikilia kwenye ubao ni mpako wa gundi.

Nilikuwa nimeshaamua kuvitupa. Mwenzangu ndiye aliyevichukua akaenda navyo kwa mzee mmoja anayeshona viatu karibu na soko. Nikamfuata huko nikiwa nimenuna. Mzee akakibonyeza kiatu, akanusa gundi, naam, aliinusa, akaniuliza, “Hiki kilishonwa wapi?” Nikamwambia, baba, hakikushonwa, kilibandikwa. Akanitazama kwa huruma. “Gundi peke yake haikai na maji ya pwani, mwanangu. Kiatu cha kazi hushonwa.” Akakwangua gundi yote ya zamani mpaka pakawa safi, akapaka mpya, akaiacha ikauke nusu, akagandamiza, kisha akashona kuzunguka soli nzima kwa uzi wa nailoni wa mshipi wa kuvulia, mishono ya karibukaribu, kiatu kilichobanduka na kile ambacho hakijabanduka. Malipo yake hata naona haya kuyataja. Nilimwongezea.

Vile viatu ninavyo mpaka sasa. Nimebadilisha na bolti, kwa sababu zilizokuja navyo zilianza kutoa machozi ya kutu. Nimeweka za M6, yaani za unene wa milimita sita, za chuma cha pua cha daraja la 316, ambacho huvumilia chumvi kuliko kile cha daraja la 304. Nakaza kwa bisibisi ya mkono, maana drili hula hesi za shimo la ubao na hapo huna ubao tena. Na bado ni vitamu! Hilo ndilo linalonikera. Kisigino hakipandi, ganzi hakuna, mguu wa mbele unageuka vile ninavyotaka bila kuchelewa. Aliyechora kile kiatu alikuwa anawaza miguu ya watu. Aliyekibandika alikuwa anawaza bei.

Kwa hiyo nawashauri nini? Nilipoanza kuandika nilikuwa na nyota moja mkononi, na hiyo moja kwa sababu haiwezekani kuweka sifuri. Ila nikigawa haki, kiatu kinastahili nne na duka halistahili hata salamu, na sijui wastani wake unapigwaje. Ukienda kununua, popote pale, inua ulimi utafute kibandiko kabla hujauliza bei. Pinda soli kwa mikono miwili penye maungio usikilize. Ikilia kama inayochanika, itachanika. Tafuta mshono. Kuna vinavyoshonwa, vipo, ingawa wauzaji watakuonyesha rangi kwanza. Ulaini wa kiatu uchague kwa unachofanya: anayevutwa na boti na kuruka mawimbi atataka kigumu kinachobana kifundo, anayevutwa na nyaya za mashine badala ya boti kwenye mabwawa na kupanda vizuizi atataka laini apinde mguu. Kwa boti ya wageni, chukua vya wazi vidoleni, jozi moja itavaliwa na nusu ya kundi.

Wiki chache zilizopita duka lenyewe likaandika. Si kuomba radhi. Wamenipa punguzo kwa ununuzi ujao, na alama ya uso unaocheka. Nilifuta ujumbe. Halafu nikaingia tena kwenye ukurasa wao, basi tu, nikaona toleo jipya la kiatu kilekile, na kwenye picha ukikuza vizuri, kuna mshono kuzunguka soli. Nikamwandikia mtoto wa mjomba: ukipita pale usiwape salamu, usiwaonyeshe picha yoyote, inua ulimi usome mwaka, na kama ni wa karibuni nichukulie jozi moja, 43, za wazi vidoleni.