Laibrari ya shule ya binti wa dada yangu Moshi: vitabu vipo, shida ni ufunguo (nyota 2)

Wazazi wenzangu, jumamosi nilipanda kumuona binti wa dada yangu, yuko fomu tuu shule moja ya bweni hapa Moshi, jina sitaji maana mtoto bado yuko pale. Kwenye fomu ya kujiunga waliandika maktaba ya kisasa na hela yake tumelipa kabisa, kwahiyo nikaomba nikaione. Madam wa zamu mtu mzuri sana kwa kweli, lakini tulizunguka robo saa nzima kutafuta ufunguo, kumbe anakaa nao mwalimu wa kemia ambaye kapewa na laibrari juu ya vipindi vyake, na siku hiyo alienda msibani Rombo. Wa akiba tukaupata kwa mhasibu.

Chumba chenyewe kizuri jamani, mwanga upo, meza zipo, rafu zimejaa. Sasa anza kusoma migongo ya vitabu. Kuna mtu aliyejua kazi aliwahi kuvibandika namba, zile za kupanga vitabu kwa somo, vizuri tu, na rafu ya 967.8 ambayo ndo historia ya Tanzania ina vitabu viwili, halafu ile ya 973, historia ya Marekani, imejaa mpaka vingine vimelazwa juu ya vingine. Ni vya msaada hivyo, vimekuja na makontena, sawa tunashukuru, ila mtoto wa fomu tuu anavisomea mtihani gani? Fizikia ya TET (Taasisi ya Elimu Tanzania, wanaotoa vitabu vya kiada) ya fomu tuu nilihesabu nakala 3, na wana mikondo minne. Kompyuta zipo nne zimefunikwa vitambaa, hazijachomekwa kwenye umeme, na simu shuleni marufuku, kwahiyo hata ile maktaba mtandao ya TET ambayo vitabu vya kiada unasoma bure watoto wa bweni hawaioni mpaka wafunge shule.

Nikachomoa kitabu cha jiografia, kizuri, ramani zake safi, nikafungua nyuma kwenye ile karatasi ya kugonga tarehe. Mhuri wa mwisho 2014. Yaani huyu binti alikuwa hajaanza hata chekechea. Nikamuuliza wewe umewahi kuazima hapa, akaniambia "Mamdogo sisi tunaingia alhamisi tu kipindi kimoja, kutoka nacho hairuhusiwi, wanasema vinapotea." Ndo maana kila nikija anaomba hela ya kutoa kopi, na kopi zenyewe nimeziona, michoro imefifia huwezi kusoma lebo.

Kupotea naelewa, vitabu vinapotea kweli na mwalimu ndo anayeulizwa. Lakini nilisoma shule ya serikali hapahapa Kilimanjaro, tulikuwa na viranja wa maktaba, daftari la kuazima, ukichelewesha jina linasomwa paredi, na kila siku baada ya vipindi mlango uko wazi mpaka saa kumi na mbili. Hakuna hela iliyohitajika hapo. Nimemwambia hedimasta hivyohivyo kwa heshima, akasema atalifikisha kwenye kikao cha walimu, na mimi kikao cha wazazi nitauliza tena. Wenye watoto pale naomba na nyie muulize, na likizo wapelekeni maktaba ya mkoa mjini, ile ya Bodi ya Huduma za Maktaba, wasikae tu na tivii.

Nyota 2 ni za chumba na za yule madam. Maana chini ya meza tulikuta boksi mbili bado zina nailoni, baiolojia mpya za fomu tuu, hakuna aliyepata muda wa kuzifungua. Tukazifungua wote, tukazipanga. Wasichana watatu walikuwa wanachungulia dirishani, wakaingia, mmoja akachukua nakala akaishika kifuani akamuuliza madam kama anaweza kukaa nayo mpaka prepu iishe. Madam akachana karatasi kwenye daftari lake akaandika jina.